Je, nisubiri iPhone 18 Pro? Tetesi za kushika na za kuacha

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Mimi napamba maharusi hapa Unguja: hina, piko na nywele. Simu yangu ni iPhone 13, niliinunua ikiwa mpya. Picha zote za kazi nazipiga kwayo, na wateja wengi wananijia kupitia WhatsApp na Instagram. Siku hizi betri haifiki hata alasiri (afya yake imeandika 76%), na nikipiga hina kwa karibu, kiganja kinatoka safi lakini vidole vinaingia ukungu. Dada yangu yupo Muscat, anakuja likizo, na amejitolea kuniletea iPhone 17 Pro. Sasa kila nikishika simu nakutana na video: usinunue, subiri 18 Pro ya Septemba 2026, ina chipu ya nanomita 2, kamera yenye tundu linalofunguka na kujifunga, Face ID (ile ya kufungua simu kwa uso) iliyofichwa chini ya kioo na mawasiliano ya setilaiti. Mume wangu naye kasikia habari za iPhone ya kukunjwa, hataki kusikia nyingine. Nisubiri, au nimwambie dada alete?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Usisubiri. Ila pia usimtume dada yako bado, kwa sababu kuna jambo kuhusu simu za Muscat ambalo video hizo hazijakutajia, na kwako wewe lina uzito kuliko nanomita zote. Nitalifikia. Kwanza tuzichambue hizo tetesi, maana hazina uzito mmoja.

Habari za simu ambayo haijatoka huvuja kupitia milango miwili mikubwa. Mmoja ni wa watengeneza makava. Kava linatakiwa liwe dukani siku ileile simu inapotoka, kwa hiyo vipimo vya umbo huzunguka kwa watu wengi miezi mingi kabla, na michoro inavuja hapo. Umbo likishachongewa kalibu kiwandani, kulibadilisha ni hasara ya pesa na ya muda, ndiyo maana tetesi za umbo zinazofika katikati ya mwaka mara nyingi huwa za kweli. Lile bapa la kamera la iPhone 17 Pro linalokata mgongo wa simu kutoka upande hadi upande lilikuwa limeshachorwa na kujadiliwa mitandaoni muda mrefu kabla Apple hawajalionyesha Septemba 2025.

Mlango wa pili ni wa wauzaji wa vipuri: lenzi, vioo, chipu, mota ndogo ndogo. Huku ndiko anakochota Ming-Chi Kuo, mchambuzi wa Taiwan ambaye jina lake umeliona kwenye nusu ya video hizo hata kama hukulitilia maanani. Anaona kiwanda fulani kimeagizwa kipuri kipya, au kimenunua mashine za kukitengenezea, anaandika. Mara nyingi anachokiona kipo kweli. Tatizo ni kwamba kipuri kuagizwa kwa majaribio hakumaanishi kwamba kitaingia kwenye simu utakayoishika.

Mfano wa wazi ni vitufe vya iPhone 15 Pro. Oktoba 2022 Kuo aliandika kwamba vitufe vya sauti na cha kuwashia havitabonyea tena. Vitakaa tuli, na mota ndogo ndani itatetemesha kidole ili uhisi kama umebonyeza. Hakuota. Cirrus Logic, kampuni ya Marekani inayouza chipu kwa Apple, ilikuwa inawaambia wanahisa wake kwamba inatarajia kipuri kipya kiingie kwenye simu za mwaka unaofuata. Aprili 2023 Kuo huyohuyo akaandika tena: vitufe hivyo vimeondolewa kabla ya uzalishaji mkubwa kwa sababu matatizo ya kiufundi hayajatatuliwa. Cirrus nao wakawaeleza wanahisa kwamba bidhaa ile haitatoka kama walivyopanga. Septemba simu ikatoka na vitufe vya kubonyea, vilevile vya siku zote. Hapo hakuna aliyedanganya. Kipuri kilikuwepo, kikajaribiwa, kikashindwa, na waliokuwa wameahirisha kununua kwa ajili yake wakabaki mikono mitupu.

Kwa hiyo mimi nikisoma tetesi najiuliza kitu kimoja kabla ya vingine: kimefika hatua gani kiwandani? Je, kinajaribiwa, au kimeshaanza kuzalishwa? Tukizipitisha zako nne kwenye swali hilo, zinachambuka vizuri tu.

Chipu ya nanomita 2 naiamini karibu moja kwa moja. TSMC ya Taiwan, inayotengeneza chipu za Apple, ilianza kuzalisha kizazi hicho kwa wingi mwishoni mwa 2025, na Apple kwa kawaida huwa mteja wa mwanzo. Ndio waliotangulia na simu ya nanomita 3 mwaka 2023. Lakini usitishwe na namba. "Nanomita 2" ni jina la kizazi tu, usidhani kuna sehemu ya chipu iliyopimwa ikakutwa na urefu huo. TSMC wenyewe wanasema kizazi hiki, kikilinganishwa na kilichotangulia, kinaweza kuongeza kasi kwa asilimia 10 hadi 15 kwa umeme uleule, au kupunguza umeme kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ileile. Ni moja au nyingine, huvipati vyote viwili kwa ukamilifu. Na hiyo ni hesabu ya chipu peke yake. Kioo kinachowaka na redio inayotafuta mtandao vina ulaji wao, na hivyo havipunguzwi na nanomita. Kwa kazi zako, chipu ya A15 iliyomo kwenye iPhone 13 yako haijakuangusha bado, na sidhani kama itakuangusha hivi karibuni.

Tetesi ya tundu la lenzi ndiyo pekee inayokuhusu kikazi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kamera kuu ya iPhone 13 ina lenzi ya f/1.6, na ile ya Pro tangu 14 mpaka 17 ina f/1.78. Namba ndogo maana yake tundu pana. Tundu pana linaingiza mwanga mwingi, jambo zuri ukumbini usiku, lakini linafanya ukanda unaoonekana kwa ukali uwe mwembamba, na kadiri unavyosogea karibu na kitu ndivyo ukanda huo unavyozidi kupungua. Kiganja cha bibi harusi hakikai bapa. Vidole vinainama, vinakuja mbele au vinakwenda nyuma. Kamera inashika kiganja, vidole vinaangukia nje ya ukanda. Ukungu unaouona unatokana na hayo, hivyo usiharakishe kuilaumu simu kwamba imechoka. Tundu lingebanwa, ukanda ungepanuka na vidole vingerudi, kama unavyobana jicho unapotunga uzi kwenye sindano.

Simu yenye tundu la kubadilika si ngeni. Samsung waliiweka kwenye Galaxy S9 mwaka 2018, ikichagua kati ya f/1.5 na f/2.4, na kufikia S20 mwaka 2020 walikuwa wameiacha. Huawei waliirudisha kwenye Mate 50 Pro mwaka 2022, na Xiaomi 14 Ultra ya 2024 inatoka f/1.63 mpaka f/4.0. Kwa hiyo inawezekana, na ingekufaa. Kuhusu Apple, mwaka 2024 tetesi ziliiweka kwenye toleo la 17. Toleo la 17 likaja bila hiyo. Mwishoni mwa 2024 hiyohiyo Kuo alikuwa ameshaihamishia 18 Pro. Unaona mtindo wenyewe? Naipa nafasi nzuri safari hii, kwa sababu wasambazaji wametajwa kwa majina na habari imetoka kwa zaidi ya mtu mmoja, lakini ni sehemu ndogo inayotembea ndani ya kamera, na sehemu za namna hiyo ndizo zinazokatwa dakika za mwisho.

Na wewe huna haja ya kuisubiri ili vidole vionekane. Rudi nyuma mpaka simu iwe kama nusu mita kutoka kwenye mkono, kisha vuta picha iwe 2x. Mlaze bibi harusi kiganja juu ya mto, simu ikae sambamba na mkono, usiinamishe. Ukiwa mbali kidogo ukanda wa ukali unapanuka wenyewe. Najua utaniambia kuvuta kunaharibu picha. Kwenye iPhone 13, ambayo kamera yake ni ya megapikseli 12, ukivuta 2x unabaki na picha halisi ya takriban pikseli 2016 kwa 1512. Instagram inaonyesha upana wa 1080. Una ziada ya kutosha. Lijaribu hili kwa mteja wako wa kesho kabla hujatumia hata shilingi moja.

Face ID chini ya kioo sasa. Hii ni tetesi ya kudumu, kila mwaka inahamishwa mwaka unaofuata. Ross Young, mchambuzi wa vioo anayeheshimika, mwaka 2022 alikuwa anaitaja kwa 16 Pro, baadaye ikasogezwa 17 Pro, kisha 2026. Ugumu wake unaeleweka. Face ID inatupa zaidi ya nukta 30,000 za mwanga usioonekana usoni mwako na kuzisoma zikirudi. Ukiweka kioo kilichojaa pikseli katikati, nyingi zinapotea njiani. Samsung walijaribu jambo jirani na hilo, kamera ya mbele iliyofichwa chini ya kioo, kwenye Galaxy Z Fold 3 ya 2021. Picha zilikuwa dhaifu, na kwenye Fold 7 ya 2025 walirudi kwenye tundu la kawaida. Hata ikija, faida yake ni kwamba kidoa cheusi juu ya kioo kitapungua. Hakuna bibi harusi atakayekulipa zaidi kwa hilo.

Ya setilaiti nakupa kwa ufupi. Kuo aliitabiri kwa iPhone 13, yaani hiyo uliyonayo, ikaja mwaka mmoja baadaye kwenye iPhone 14. Na ilipokuja ilikuja kwa nchi zilizochaguliwa. Tanzania na Kenya hazimo. Huduma ya setilaiti inahitaji kibali cha nchi na mkataba, kifaa ndani ya simu hakitoshi. Tetesi nyingine ambayo hukuitaja, ya modemu (chipu ya mtandao) mpya ya Apple iitwayo C2, inasifiwa kwa kuleta 5G ya masafa ya juu sana, ambayo mpaka toleo la 17 Apple wameiweka kwenye simu za soko la Marekani tu. Iache ipite.

Sasa Muscat.

Tangu Septemba 2025, iPhone 17, 17 Pro na 17 Pro Max zinazouzwa Oman, Imarati, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain hazina sehemu ya kuingizia laini. Ni eSIM tupu, yaani laini isiyo na kadi, inayosajiliwa ndani ya simu yenyewe. Marekani ilianza hivyo na iPhone 14 mwaka 2022; sasa Ghuba imefuata, na kwetu hili ni kubwa kwa sababu simu nyingi za huku zinatoka kulekule, ama kwenye begi la ndugu kama dada yako, ama kupitia Dubai mpaka Kariakoo na Darajani. Simu inafika, boksi zuri, unatafuta pa kutia laini ubavuni, hapapo.

Si kwamba eSIM ni mbaya. Vodacom kwa huku na Safaricom kwa Kenya wanaitoa, na kwa 17 Pro isiyo na tundu la laini Apple wametumia nafasi iliyobaki kuongeza betri: 4,252 mAh badala ya 3,988. Kwa hesabu ya Apple ni saa 33 za kutazama video badala ya 31. Ila fikiria siku yako ilivyo. Simu ikizima katikati ya kazi, leo unachomoa laini unaitia kwenye kitochi, mteja anakupata na malipo ya kianzio yanaingia. Kwenye eSIM huchomoi kitu. Simu ikianguka ndani ya ndoo ya maji, namba yako na pesa zilizomo zinangoja mpaka ufike duka la mtandao wako na kitambulisho. Kwa mtu ambaye namba yake ndiyo duka lake, hilo ni la kupimwa. Kabla dada yako hajalipa chochote, nenda duka la mtandao unaotumia ukaulize mambo mawili: wanahamisha laini kwenda eSIM papo hapo, na ukipoteza simu inachukua muda gani kuirudisha. Wakikuzungusha, umeshapata jibu. Katika hali hiyo tafuta simu iliyotoka Uingereza, Ulaya, India au Afrika Kusini, ambazo za toleo la 17 bado zina sehemu ya laini moja.

Turudi kwenye hiyo 76%. Mimi naona ugonjwa wako mkubwa ni huo. Apple wanasema betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Tangu iPhone 15 wameongeza ikawa 1,000. Yako imevuka mpaka wake, na betri ikichoka hivyo simu yenyewe inaweza kupunguza mwendo ili isizime ghafla, ukadhani chipu imezeeka. Badilisha betri kwa fundi unayemwamini. Kama betri si ya Apple, simu itakuandikia kwamba kipuri hakitambuliki, na asilimia ya afya huenda isiionyeshe au isiithibitishe. Hiyo isikutishe, ila muulize fundi dhamana yake ni ya muda gani na akuandikie kwenye risiti. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na simu mpya, na utarudi kumaliza siku.

Ukishafanya hivyo na bado moyo unataka simu mpya, wala sikulaumu, nakushauri iPhone 17 ya kawaida badala ya Pro. Ilitoka Marekani kwa dola 799 ikiwa na nafasi ya GB 256, wakati 17 Pro ilianzia dola 1,099. Kioo chake kimepata ule ulaini wa 120Hz ambao zamani ulikuwa wa Pro peke yao. Kamera kuu ni ya megapikseli 48, kwa hiyo ukivuta 2x unapata picha kamili ya megapikseli 12 kutoka katikati ya kihisi, na kamera yake pana inaweza kushika kitu cha karibu kabisa, jambo ambalo iPhone 13 yako haiwezi. Kwa hina, hiyo ya karibu ndiyo dawa. Unachokosa ni kamera ya kuvuta mbali, na wewe humpigi bibi harusi picha ukiwa ng'ambo ya barabara.

Hapa kuna tetesi moja ambayo kwangu ina faida kuliko zote, lakini haivutii watazamaji: mwaka 2025 The Information, tovuti ya habari za teknolojia, na Kuo waliandika kwamba Apple wanapanga kutoa matoleo ya Pro na ya kukunjwa Septemba 2026, na iPhone 18 ya kawaida kuisogeza hadi mwanzoni mwa 2027. Ikiwa hivyo, iPhone 17 utakayoinunua haitapata mrithi wake wa moja kwa moja Septemba, na bei yake ya kuuzia tena haitaporomoka haraka kama ya Pro.

Kuhusu kungoja bei ishuke, sioni dalili nzuri. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu inaitumia inapofanya kazi, imepanda bei duniani, kwa sababu vituo vya kompyuta vya akili bandia vinainyakua kwa wingi na watengenezaji wanawahudumia wao kwanza. Desemba 2025 Micron, mmoja wa watengenezaji wakubwa watatu, alitangaza kuifunga Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida. Simu za bei nafuu za Android ndizo zitakazoumia zaidi, lakini hakuna simu inayotengenezwa bila RAM.

Amebaki shemeji na iPhone ya kukunjwa. Kuo alikadiria Machi 2025 kwamba itauzwa kati ya dola 2,000 na 2,500, ikiwa na kioo cha ndani cha takriban inchi 7.8, na kufunguliwa kwa alama ya kidole kwenye kitufe cha ubavuni badala ya Face ID. Ni toleo la kwanza la aina yake kwa Apple. Samsung walipotoa Galaxy Fold ya kwanza 2019, simu walizowapa waandishi kuzijaribu ziliharibika vioo ndani ya siku chache, uzinduzi wa Aprili ukasogezwa mpaka Septemba. Kioo cha kukunjwa kikipata ufa, fundi wa mtaani hana cha kubandika. Kinaagizwa kizima, kwa bei ya simu nyingine. Mwambie shemeji asiweke oda toleo la kwanza. Likitoka, aulize kwanza nani hapa anacho kioo chake na kwa bei gani, ndipo aanze kuhesabu pesa.